Huna pa kulala, kazi hakuna, na upo Mbeya: anzia hapa

Mdogo wangu, kama unasoma hii umekaa stendi na begi lako, au upo kwa mshikaji ambae ameshaanza kununa, nisikilize kidogo maana mi nimepita humo humo. Nilikuja Mbeya kwa ahadi ya kazi, nikaambiwa nitoe hela ya fomu af hela ya mafunzo, nikatoa zote, kazi yenyewe haikuwepo, nikajikuta Mwanjelwa mwezi wa sita sina hata mia. Kwahiyo la kwanza kabisa, mtu akikwambia kuna kazi ila tanguliza hela, ondoka. Mwajiri anakulipa wewe, we humlipi.

Sasa twende kwenye ishu yenyewe. Cha kwanza ni pa kulala, kazi inafuata. Vijana wengi wanazunguka kutwa wanatafuta kazi, inafika saa mbili usiku ndo wanaanza kuwaza walale wapi, na usiku hakuna mtu anaemfungulia mgeni mlango. Omba mchana. Na baridi ya huku usiichukulie poa, huu mji uko juu mita kama 1,700 na kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane ukilala nje na kishati chako unaamka mgonjwa, Njombe na Makete ndo usiseme kabisa.

Anza kwa kupiga simu nyumbani. Najua unaona aibu, mi nilikaa siku nne sijapiga kwa sababu nilikuwa nimewaaga kwa mbwembwe, af nilivopiga mama akanitajia mtu wa kijijini kwetu anaekaa Uyole ambae hata sikujua yupo. Uliza hivi, "nani wa kwetu yupo huku?" Usiseme umekwama tu, omba jina na namba. Kama hakuna mtu nenda kanisani au msikitini, muone mzee wa kanisa au imamu, huku makanisa yamejaa kila kona. Ukishindwa huko nenda ofisi ya serikali ya mtaa umuone mwenyekiti au mtendaji.

Na namna ya kuomba ni muhimu kuliko unavofikiri. Salimia kwanza kwa heshima, sema jina, unakotokea, af omba kitu chenye mwisho. "Shikamoo mzee, naitwa fulani, natokea Ileje, naomba kujihifadhi siku tatu wakati natafuta kibarua, naweza kuchota maji, kufagia, kupasua kuni." Mtu akisikia siku tatu anaona ni jambo analoliweza, ila ukisema tu naomba unisaidie anaona mzigo usioisha. Na zikifika siku tatu hujapata kitu, mfuate mwenyewe kabla hajakuuliza, umwambie ulipofikia.

Ikishindikana kote, bora ukae stendi kwenye taa na watu kuliko uchochoroni. Usilale kwenye pagale, kukitokea wizi mtaani we mgeni ndo utakuwa wa kwanza kukamatwa. Na popote utakapolala, jiko la mkaa lisilale ndani na mlango umefungwa hata baridi iweje. Hewa yake ya sumu haionekani wala haina harufu, unalala na huamki tena. Hili nalisema kwa uchungu maana huku kila msimu wa baridi watu wanajisahau.

Kwa mabinti naongea kama kaka. Mwanaume usiemjua akikwambia njoo ulale kwangu bure, hiyo sio bure. Ukipata kazi ya ndani elewaneni mshahara, siku ya mapumziko na tarehe ya kulipwa kabla hujaingia, na mtu mwingine ajue nyumba ilipo. Ukifanyiwa vibaya nenda polisi uulizie dawati la jinsia na watoto. Na kama una umri chini ya miaka 18, mvulana au msichana, piga 116, ni bure, au nenda halmashauri ofisi ya ustawi wa jamii, ni kazi yao kukusikiliza.

Haya, hela ya kula. Sokoni unatakiwa uwe umefika saa kumi na moja alfajiri, ukifika saa mbili umekuta maganda. Malori ya viazi na ndizi kutoka upande wa Tukuyu yanashusha mapema, Mwanjelwa, Soweto, Sido, kote huko. Ila usidake tu mzigo, wapakuaji wana utaratibu wao na kiongozi wao, ukivamia utapigwa. Mtafute huyo kiongozi, msalimie, mwambie naomba nisaidie leo mnipe mtakachonipa. Na kama mwili haujazoea usijifanye kubeba lumbesa siku ya kwanza, mgongo ukishaharibika huna mtaji mwingine.

Njia iliyonitoa mimi lakini ilikuwa mama ntilie. Nilimwomba nioshe vyombo kwa sahani ya ugali. Baada ya wiki akaniachia kumshikia hela, baada ya wiki mbili fundi mmoja aliekuwa anakula pale akamuuliza, huyu kijana anaaminika? Akasema ndio. Ndo nikapata kazi ya saidia fundi. Huku kazi na chumba vinapita kwa mtu anaekujua, hicho ndo nataka ukielewe, kwahiyo chagua sehemu moja uonekane hapo kila siku kwa muda ule ule, kuliko kuzunguka mji mzima unauliza kazi kwa watu mia ambao kesho hawakukumbuki. Kwenye ujenzi sema unataka kulipwa jioni hiyo hiyo mpaka mzoeane.

Kuna pia vibarua vya msimu. Mbarali kwenye mpunga wanahitaji watu wa kupandikiza mwanzoni mwa mwaka kipindi cha mvua, na wa kuvuna kuanzia kama mwezi wa tano. Chai ipo Rungwe na Mufindi, mbao zipo Mafinga. Kabla hujapanda gari piga simu kwa mtu alieko kule uulize kuna pa kulala na wanalipa lini. Chunya kwenye dhahabu siwashauri mnaoanza, unaweza kukaa miezi unasubiri mgao ambao haupo, na mashimo mengine hayajawekewa hata magogo ya kushikilia.

Namba ya NIDA iandike sehemu zaidi ya moja, bila hiyo hata laini ya simu husajili. Kama huna, barua ya mtendaji ndo mwanzo wa kila kitu. Ukishakaa muda wa kutosha kwenye ufundi, nenda chuo cha ufundi cha VETA uulizie urasimishaji ujuzi, wanakupima unachokijua wanakupa cheti bila kuanza upya. Halmashauri kuna ile mikopo isiyo na riba inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, vijana fungu lao ni asilimia 4, ila inapitia vikundi vilivyosajiliwa na inachukua muda, hiyo ni ya baadae sio ya njaa ya leo. Kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, usiguse kabisa.

Chumba piga hesabu kabla ya kufurahi. Kikiwa cha 30,000 na mwenye nyumba anataka miezi mitatu ni 90,000, dalali akichukua kodi ya mwezi mmoja inakuwa 120,000. Ukiweka pembeni 3,000 kila siku ni siku 40. Mkiwa wawili mnaoaminiana ni siku 20, na mi nilifanya hivo. Hela mpe mama ntilie akutunzie au weka kwenye simu, usilale nayo mfukoni. Omba muandikishane, hata kwenye karatasi ya daftari, jina, tarehe na kiasi. Siku unayohamia nunua kufuli lako mwenyewe, maana funguo za yule aliehama hujui anazo nani, af blanketi la mtumba, af ndoo. Godoro litakuja.