Je, utapita hesabu za Kidato cha Nne bila kusoma?

Kwa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, hapana. Yule mwenzako wa Kisumu au Kakamega anayepita bila kuonekana na kitabu alishafanya mazoezi tangu Kidato cha Kwanza. Kinachoweza kupunguzwa ni kusoma noti, maana kukodolea macho mfano wa mwalimu hakukufundishi kukokotoa.

Kila karatasi ni saa mbili na nusu kwa alama 100: maswali 16 ya lazima yenye alama 50, kisha unachagua 5 kati ya 8, kila moja alama 10. Basi swali la alama 10 lina dakika 15. Fanya moja kila jioni ukijipimia muda huo kwa saa, majibu yakiwa yamefungwa. Ukikwama, soma mstari mmoja tu wa jibu, funga, endelea. Kesho yake lirudie lote kwenye karatasi tupu. Hapa ndipo wengi huzembea, na hapa ndipo akili inashika.

Andika kila hatua, kwa sababu hatua zina alama zake hata jibu likikosea. Chukua log x + log (x + 3) = 1, kwa kizio 10. Unapata x(x + 3) = 10, yaani x² + 3x − 10 = 0, hivyo x = 2 au −5. Kata −5: namba hasi haina logi. Ukiiacha, alama ya mwisho imekwenda.

Kikokotoo kiwe kwenye digrii kabla ya kugusa swali la sini au kosini.