Kabla Radi na Upepo Mkali Havijafika: Mambo ya Kuzingatia Uganda

Upepo unaoezua mabati kwa kawaida huja kabla ya mvua. Matone yanayoanguka kutoka kwenye wingu la radi hupita katika hewa kavu, baadhi yakageuka mvuke. Hewa hiyo hupoa, ikawa nzito, ikashuka kwa kasi. Ikigonga ardhi husambaa pande zote, na ukingo wake unaweza kufika kilomita kadhaa mbele ya tone la kwanza. Anayesubiri manyunyu ndipo akimbilie kufunga mlango amekwisha kuchelewa. Kwa hiyo ujue kila utabiri unakupa muda gani, na usiiachie nusu saa ya mwisho kazi inayohitaji wiki nzima.

Utabiri wa msimu hukupa wiki kadhaa, nao ni wa kushughulikia paa. Kusini mwa Uganda mvua kubwa huanza Machi na tena Septemba. Kaskazini msimu ni mmoja mrefu, takribani Aprili hadi Oktoba. Fundi apande juu kabla ya hapo. Upepo ukipita juu ya bati hulinyonya kwenda juu, na mlango wa upande unaotoka upepo ukiwa wazi, hewa hujaa ndani ya nyumba na kulisukuma kutoka chini. Pembe, kingo na kilele ndivyo huanza kung'oka, kwa hiyo hapo misumari ipigwe karibu karibu, hata kila mgongo wa pili wa bati, kila mmoja na mpira wake. Lakini misumari mizuri haitoshi. Mara nyingi paa huondoka zima na mbao zake kwa sababu kenchi zimelazwa tu juu ya ukuta. Kila kenchi ifungwe kwa ukanda wa chuma au waya mnene uliojengewa ndani ya ukuta, kozi (safu za matofali) kadhaa chini. Paa la baraza lijengwe peke yake, lisiwe mwendelezo wa paa kuu, ili likienda lisiondoke na nyumba. Na mawe yanayowekwa juu ya mabati yaondolewe: upepo ukiyaangusha yanaweza kuua.

Utabiri wa siku hutolewa na Mamlaka ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Uganda. Usomapo ramani za kimataifa, kumbuka saa zake huwa nyuma ya zetu kwa saa tatu: palipoandikwa 12:00, hapa ni saa tisa alasiri. Wingu moja la radi huwa na upana wa kilomita chache tu, hivyo utabiri wa wilaya hauwezi kukutajia kijiji. Kijiji cha jirani kikinyeshewa na chako kikabaki kikavu, utabiri haukudanganya.

Ziwa Victoria lina saa zake. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu, na radi hukusanyika bara alasiri. Usiku upepo hugeuka. Hewa kutoka pwani zote hukutana juu ya maji yenye joto na kupanda, ndiyo maana dhoruba za ziwani huja usiku wa manane hadi alfajiri, saa zile zile wavuvi wa mukene (dagaa) wako kazini na taa zao. Anga safi ya jioni Kalangala, visiwani humo ziwani, haikuhakikishii lolote. Kabla ya kusukuma mtumbwi, sikiliza utabiri wa ziwa, mwambie mtu mwaloni saa ya kurudi, funga simu ndani ya nailoni, na kila mmoja avae jaketi la kuokolea. Jaketi lililokaliwa halivaliki mtumbwi ukishapinduka.

Saa chache za mwisho ni za setilaiti, rada na macho yako. Wingu linalokua haraka na kutanuka juu kama fuawe la mhunzi limekomaa. Ubaridi wa ghafla, vumbi na ukingo mweusi unaojiviringisha vinamaanisha zimebaki dakika. Hesabu kutoka mmweko hadi ngurumo: kila sekunde tatu ni kilomita moja. Sekunde zikiwa 30 au pungufu, uwe ndani, ukae humo hadi dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Shule zisilichukulie hili kimzaha. Mwaka 2011 radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu wao katika shule ya msingi ya Runyanya, Kiryandongo. Mwaka 2024 watu 14 walikufa katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, Lamwo. Radi husambaa ardhini na kuruka kutoka ukutani, hivyo darasa la mabati lisilo na kinga si salama, wala nyumba ya nyasi. Kinga kamili ina fimbo juu, waya wa kushukia na nguzo ya ardhini, ukinzani wake kwa umeme ardhini usizidi omu 10, kwa kipimo cha fundi. Ikague kila msimu, maana shaba huibiwa. Kengele ya rimu inayoning'inia mwembeni isigongwe wakati wa ngurumo; filimbi ipulizwe kutoka ndani.

Wafundisheni walimu na wavuvi huduma ya kwanza mapema. Aliyepigwa radi habaki na umeme mwilini: mguseni mara moja, na kama hapumui, anzeni kukandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika.