Somo: Kadi ya gari ikiwa na tatizo, uanzie wapi

Habari zenu wakuu. Watu wengi hukwama na kadi ya gari kwa sababu wameanzia pasipotakiwa. Mtu anamkimbilia dalali, analipa hela za "kunyoosha mambo", baadaye anaambiwa hakuna kilichofanyika. Shika hili kwanza: kadi uliyonayo mkononi imetokana na rejista ya mamlaka ya usajili. Kadi ikisema hivi na rejista ikisema vile, ofisini wataifuata rejista. Ndiyo maana kila tatizo hapa chini linapitia kwenye rejista.

HATUA YA 1: Soma gari lenyewe

Toka nje na kadi, ulinganishe namba ya chesisi herufi kwa herufi. Itafute kwenye dashibodi chini ya kioo cha mbele, kwenye kibao cha nguzo ya mlango, na pale ilipogongwa kwenye bodi au fremu. Magari mengi yaliyotengenezwa tangu miaka ya 1980 yana namba yenye herufi na tarakimu 17, na humo hutakuta I, O wala Q, kwa kuwa huchanganywa na 1 na 0. Ukiona O kwenye kadi ya gari la aina hiyo, aliyeandika alikusudia sifuri. Kosa la namna hiyo linasahihishika. Magari yaliyoundwa kwa soko la ndani la Japani yana namba fupi yenye kistari katikati, kwa hiyo usishtuke ukidhani imekatwa.

Ila ukikuta namba za sehemu mbili za gari hilohilo hazifanani, au palipogongwa pamesagwa, pamechomelewa au pana rangi mpya peke yake, simama hapo. Hilo ni la polisi, na usitoe hela yoyote mpaka wakague.

HATUA YA 2: Omba taarifa za rejista

Unataka kujua jina la mmiliki, chesisi, injini, rangi, na kama gari limewekwa rehani au lina zuio la mahakama. Usikubali kusomewa kwa mdomo, chukua maandishi.

HATUA YA 3: Litibu tatizo lenyewe

Kadi imepotea au imechakaa: mwenye jina anatoa taarifa polisi, anaapa hati ya kiapo pale inapotakiwa, kisha anaomba kadi mbadala. Ya zamani ikionekana baadaye, irudishe. Haina kazi tena, na kubaki nayo ni kumwekea mtu mwingine mtego.

Mkopo umeisha lakini rehani bado inaonekana: hapa wengi hujisahau. Kulipa deni ni jambo moja, kufutwa kwa rehani kwenye rejista ni jingine. Dai barua ya kumaliza deni kutoka kwa aliyekukopesha, halafu hakikisha imefika kwa mamlaka na rehani imeondolewa. Kama taasisi hiyo ilifungwa au ilimezwa na nyingine, mtafute aliyerithi madeni yake au mfilisi wake.

Aliyekuuzia siye aliye kwenye kadi: hili ndilo linalotesa watu kuliko yote. Wa kwanza alimuuzia wa pili, wa pili hakuhamisha umiliki, wewe ni wa tatu. Mamlaka inataka saini ya wa kwanza. Kusanya mikataba yote ya mauziano tangu mwanzo, kisha mtafute huyo wa kwanza na umweleze kwa upole kwamba anayo sababu ya kukusaidia: gari likiwa bado kwa jina lake, faini na kesi za ajali zitaanza kubisha hodi kwake. Kama mmiliki ni kampuni, atakayesaini awe ameidhinishwa na kampuni kwa maandishi. Akikosekana kabisa, nenda kwa wakili, uombe amri ya mahakama. Atatokea mtu wa kukushauri "mgongee tu saini". Usithubutu. Ni kughushi, na wewe mwenye haki yako unageuka mshtakiwa.

Kwa hiyo pia usinunue gari kwa fomu ya uhamisho iliyosainiwa huku jina la mnunuzi likiwa wazi. Ndiyo mlango wa balaa hilo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Baba alifariki, gari lina jina lake. Alimwachia mama hati ya uwakilishi, ya kusaini kwa niaba yake. Mama anaweza kusaini tukauza?

Jibu: Marahaba, na poleni sana kwa msiba. Kwa kawaida hati ya uwakilishi hukoma anapofariki aliyeitoa, hata kama iliandikwa na wakili. Familia ikae, mpate msimamizi wa mirathi anayetambuliwa kisheria. Huyo ndiye atakayesaini. Wakati mnasubiri, wajulisheni watu wa bima kwamba mmiliki amefariki, maana gari likipata ajali mnaweza kusumbuliwa kwenye fidia.

Swali: Mkuu, nimebadilisha injini, kadi bado ina namba ya zamani. Kuna shida?

Jibu: Ipo, utaiona siku ya ukaguzi au ya kuuza. Peleka risiti ya injini na uthibitisho wa ilikotoka, gari likaguliwe, rejista irekebishwe. Injini isiyo na karatasi yoyote usiifunge kwenye gari lako.

Swali: Muuzaji anasema kadi imepotea, ila ana nakala iliyogongwa muhuri na wakili. Nilipe nusu?

Jibu: Hapana ndugu yangu. Aliyepotelewa ni yeye, atafute kadi mbadala kwa jina lake kwanza. Mara nyingine kadi "iliyopotea" imekaa kwa mtu aliyemkopesha fedha, na muhuri wa wakili unathibitisha tu kwamba nakala inafanana na karatasi aliyoonyeshwa siku ile. Akileta kadi mpya, mwende pamoja mamlaka, umlipe uhamisho unapofanyika.

Swali: Jina langu limekosewa herufi moja tu. Niache?

Jibu: Usiache. Rekebisha sasa kwa kitambulisho chako na hati ya kiapo, wakati wewe mwenyewe upo na unaweza kujieleza.