Jinsi ya kusoma matokeo ya mwaka ya kampuni ya mafuta na gesi

Kijana mmoja anayeanza kuandika habari za biashara aliniuliza juzi: mwaka 2022 BP, kampuni ya mafuta ya Uingereza, ilipata faida au hasara? Gazeti lilimwambia faida ya dola bilioni 27.7, ripoti yenyewe ikamwambia hasara ya dola bilioni 2.5. Namba zote mbili ni sahihi. Tuliipitia ripoti pamoja, na njia tuliyofuata ni hii.

Hatua ya 1: Pakua ripoti yenyewe

Ingia tovuti ya kampuni, sehemu ya wawekezaji, uchukue matokeo ya robo ya nne. Kwa kampuni nyingi kubwa hutoka Februari. Tumia kompyuta, kwa sababu kwenye simu ni rahisi mno kuruka safu ya jedwali. Barua ya mkurugenzi mkuu iache mpaka mwisho, uisome ukiwa na namba za kuipimia.

Hatua ya 2: Angalia bei ya mafuta ya mwaka huo

Brent, mafuta ghafi ambayo bei yake hutumika kama kipimo duniani, ilikuwa wastani wa dola 101 hivi kwa pipa mwaka 2022, ikashuka hadi kama dola 82 mwaka 2023. Usiisifu wala kuilaumu menejimenti kabla ya kuliona hilo.

Hatua ya 3: Zitenganishe faida mbili

Hapa ndipo watu wengi hukwama, kwa hiyo twende taratibu.

Faida halisi ndiyo ya vitabu vya hesabu: kila kitu kimeingizwa, hata mali iliyoshushwa thamani. Faida iliyorekebishwa ni ile ambayo kampuni imeondoa mambo inayoyaita ya mara moja, na ndiyo mara nyingi huwekwa juu kabisa kwa herufi nene.

Chukua TotalEnergies, kampuni ya Ufaransa. Mwaka 2022 faida iliyorekebishwa ilikuwa dola bilioni 36.2, halisi ikawa 20.5. Tofauti ni 15.7, na karibu yote, kama bilioni 14.8, ni mali za Urusi zilizoshushwa thamani baada ya vita vya Ukraine. BP nayo ilitangaza kuachana na hisa zake za Rosneft, kampuni ya mafuta ya serikali ya Urusi, ndiyo maana vitabu vyake vikaonyesha hasara. Lakini kufuta thamani ya hisa hakutoi pesa benki. BP hiyohiyo, Februari 2023, iliongeza gawio, yaani pesa inayowalipa wenye hisa, kwa asilimia 10.

Sasa angalia mwaka uliofuata. Faida iliyorekebishwa ya TotalEnergies ilishuka hadi bilioni 23.2, zaidi ya theluthi moja. Faida halisi ilipanda hadi 21.4. Kampuni ni ileile, miaka ni ileile, na vichwa viwili vya habari vinavyopingana vyote vinaweza kuandikwa. Kwa hiyo chagua aina moja ya faida na ushikamane nayo kwa miaka yote unayolinganisha, na umwambie msomaji ni ipi.

Kisha tafuta jedwali linaloonyesha kilichoondolewa. Lipo, ila kwa kawaida limewekwa kurasa za nyuma. Kama gharama fulani huitwa ya mara moja kila mwaka, mimi huirudisha kwenye hesabu. Angalia pia kama wameondoa faida au hasara ya akiba iliyoko kwenye matangi: bei ikipanda, mafuta yaliyonunuliwa jana yanapata thamani bila kampuni kufanya lolote.

Ukibaki na shaka, nenda kwenye mtiririko wa fedha kutoka shughuli za uendeshaji, yaani pesa taslimu ambazo biashara yenyewe imeingiza. Mimi huuamini kuliko faida zote mbili.

Hatua ya 4: Uzalishaji

Kwenye jedwali la uzalishaji gesi huhesabiwa kama mapipa ya mafuta, takriban futi za ujazo 6,000 kwa pipa moja. Pipa hilo la gesi haliuzwi kwa bei ya pipa la mafuta.

Hatua ya 5: Mipango ya ukuaji

Uliza kwanza: fungu la kampuni ni lipi? Tilenga na Kingfisher, miradi ya mafuta nchini Uganda, zimepangiwa mapipa 230,000 kwa siku zikifika kileleni. TotalEnergies ina asilimia 56.67, yaani kama mapipa 130,000. Ile asilimia 62 unayoisikia ni ya bomba la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga; usiizidishe na mapipa.

Pili, uamuzi wa mwisho wa uwekezaji, yaani wa kutoa pesa na kuanza kujenga, umepitishwa? Wa Uganda ulitangazwa Februari 2022, mafuta yakitarajiwa 2025. Mwaka huo uliisha bila pipa hata moja kusafirishwa. Kama uamuzi haujapitishwa kabisa, usiuhesabu mradi. Gesi ya kina kirefu cha bahari ya Lindi, Tanzania, imekuwa kwenye mipango miaka mingi, na mwanzoni mwa 2021 Equinor, kampuni ya Norway, iliishusha thamani kwa dola milioni 982 vitabuni.

Tatu, fungua Excel yenye safu tatu: ahadi, tarehe iliyotolewa, tarehe iliyobadilishwa. Kwa BP utaandika hivi: mwaka 2020, kupunguza uzalishaji kwa asilimia 40 ifikapo 2030; Februari 2023, ahadi ikashushwa hadi asilimia 25; Februari 2025, ikageuka kuwa kuongeza uzalishaji hadi mapipa milioni 2.3 hadi 2.5 kwa siku. Ukishaijaza, sasa fungua barua ya mkurugenzi mkuu.