Kabla ya somo la fuwele za magma: ya kuandaa mapema

Mwalimu wa jiografia Unguja au Pemba ana tabu asiyoijua mwenzake wa Arusha: jiwe la volkano hapa halipatikani. Maweni yetu ni matumbawe ya kale, na kuta za Mji Mkongwe ni matumbawe hayo hayo na chokaa. Basi maandalizi yaanze wiki kabla, si asubuhi ya kipindi.

Kwanza mawe. Mwenye jamaa Moshi au Arusha muombe akuletee vipande vya kando ya barabara au vya machimboni. Visitoke ndani ya hifadhi, huko kuokota jiwe ni marufuku. Bora zaidi ni lava yenye punje kubwa ndani ya unga mweusi uliogandamana. Baadhi ya lava za Kibo, kilele cha Kilimanjaro, zina fuwele (vipande vya madini vyenye nyuso bapa) za madini ya felspa zilizokatika mshazari kama kashata. Jiwe la namna hiyo lina historia mbili: punje kubwa zilikua chini, magma (mwamba ulioyeyuka) ikipoa polepole, kisha magma ikapanda juu na kilichobaki kikaganda upesi, fuwele zake zisipate nafasi ya kunenepa.

Jiwe jepesi la kusugulia nyayo nalo lichukue. Ni povu la volkano lililopoa haraka mno, kwa hiyo sehemu yake kubwa ni kioo, si fuwele. Hata ufukweni laweza kuokotwa, maana huelea: baada ya volkano ya Krakatoa, Indonesia, kulipuka mwaka 1883, mawe hayo yalivuka Bahari ya Hindi hadi mwambao wa Afrika Mashariki. Ukiwa na shaka, likwangue kidogo na kudondoshea ndimu. Unga wa tumbawe utatoa povu, wa jiwe la volkano hautatoa.

Pale pasipo na mawe, na hata palipo nayo, shabu ya dukani ndiyo itakayobeba somo. Itwange, uikoroge katika maji ya moto yasiyochemka mpaka zibaki punje zisizoyeyuka, kisha chuja kwa kitambaa safi. Usilichukulie kijuujuu hili la kuchuja. Kila chembe ya vumbi ni mahali pa fuwele kuanzia, na zikianza nyingi zinagawana shabu ile ile, zote zikabaki ndogo. Gawa glasi mbili. Moja ifunike, izungushie kanga, iache mezani usiku kucha bila kuitikisa. Ya pili itie ndani ya bakuli la barafu asubuhi, mbele ya wanafunzi. Ya barafu itatoa unga unga. Ya kanga, ukibahatika, vipande vyenye nyuso bapa. Barafu iagize jana yake, umeme hauna ahadi. Na glasi hizo zisirudi jikoni.

Waambie mapema pia pale mfano unapoishia. Shabu imeyeyushwa ndani ya maji, ilhali magma ni mwamba wenyewe ulioyeyuka, na madini yake hayagandi kwa pamoja. Katika magma ya basalti, yenye joto la nyuzi 1,100 hadi 1,200 hivi za Selsiasi, olivini huwa miongoni mwa ya kwanza. Pairoksini na felspa hufuata. Kwatzi, katika magma zenye silika (silikoni na oksijeni) nyingi, huja mwishoni. Mpangilio huo ulielezwa na mwanajiolojia Norman Bowen katika miaka ya 1920, kwa kuyeyusha na kupoza sampuli maabara.

Swali la Ol Doinyo Lengai, volkano hai ya kaskazini mwa Tanzania, halitakosekana, nawe ulitamani. Lava yake ina joto la nyuzi 500 hadi 600 tu, na mojawapo ya madini yake linaitwa nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Lakini usiahidi kuwaonesha: lava ile hutoka nyeusi, ikikutana na unyevu hubadilika ikawa nyeupe na kumomonyoka, na kwa hewa ya visiwani haitafika skuli salama.

Glasi ya kanga ziandae mbili. Moja lazima itagongwa na mtu.