Maziwa Yamekatika, Unga Una Fukusi: Urudishe Supamaketi au Uache?

Pakiti ya maziwa ya mililita 500 ikivimba kama mto, huhitaji kuifungua ili ujue kilichomo. Bakteria wanazaana ndani, na gesi wanayoitoa ndiyo inayoisukuma plastiki. Pakiti hiyo irudi dukani siku hiyo hiyo, hata kama bei yake haifikii nauli ya kwenda na kurudi. Haikupakiwa peke yake. Zile zilizopakiwa nayo bado ziko kwenye friji ya supamaketi, na jioni hii kuna mtu atachukua mojawapo akampikie mtoto uji.

Lakini si kila kibaya kinafaa kurudishwa. Wateja wa supamaketi, Kenya na Tanzania, hukosea kwa pande mbili. Wapo wanaotupa kila kitu kwa kuona haya kusimama kaunta, na wapo wanaorudisha sukuma wiki iliyonyauka siku ya tatu kisha wakashangaa kukataliwa. Kabla ya kuamua, pima mambo matatu: uharibifu umeanzia wapi, umeugundua baada ya muda gani, na je, ni hatari au ni ladha tu?

Umeharibikia dukani au nyumbani?

Chukua mfano wa fukusi kwenye mchele au unga. Kutoka yai hadi mdudu mzima, fukusi huchukua takriban mwezi mmoja kwenye joto la kwetu. Kwa hiyo ukifungua pakiti siku ya tatu tangu uinunue ukakuta wadudu wazima wanatembea, hao hawakuzaliwa jikoni kwako. Walikuja na pakiti, au waliingia ikiwa ghalani. Irudishe. Lakini kama pakiti ilifunguliwa, ikakaa kabatini miezi miwili kando ya maharage ya shamba, hapo huna kesi. Angalia pia matundu: wadudu hao hutoboa plastiki na karatasi, na tundu dogo kwenye pakiti ambayo hujaifungua ni ushahidi mzuri. Lipige picha kabla hujakata mfuko.

Kwa vitu vya baridi, saa ndiyo hakimu. Maziwa freshi, mtindi, nyama na samaki vinatakiwa vikae kwenye nyuzi 4 za Selsiasi au chini ya hapo. Ukivinunua saa nane mchana, ukapita sokoni, ukakwama kwenye foleni ndani ya daladala saa mbili na nusu, maziwa yakikatika usiku huo huwezi kusema kwa moyo safi kwamba duka limekuuzia mabovu. Dawa yake ni kuchukua vitu vya baridi mwisho kabisa, ukiwa unaelekea kwa keshia, na kwenda navyo nyumbani moja kwa moja.

Vya kugandishwa husema vyenyewe vilivyotunzwa. Njegere za kugandishwa zinatakiwa zicheze ndani ya mfuko ukiutikisa. Zikiwa bonge moja gumu, ziliyeyuka zikagandishwa tena. Kuku mwenye barafu nyekundu iliyojikusanya chini ya mfuko naye amepitia hayo hayo: friji ilizimwa au umeme ulikatika, damu ikachuruzika, kisha ikaganda upya. Hilo unaweza kuliona dukani, na mahali pake ni kuacha pale pale.

Visivyo na mjadala

Kopo lililovimba pande zote mbili usilifungue, usilionje, usilichemshe ukidhani moto utaliponya. Bakteria wa botulizimu hukua ndani ya kopo lisilo na hewa, na sumu yao inaweza kuwamo bila harufu wala ladha mbaya. Lifunge kwenye mfuko, lirudishe lilivyo. Kopo lililobonyea kidogo ubavuni si sawa na lililovimba, lakini likibonyea kwenye mshono wa juu au wa chini liache dukani, maana hewa huweza kuingilia hapo.

Unga wa mahindi wenye harufu ya uvundo, au uliogandamana mabonge yenye rangi ya kijani au kijivu, ni jambo zito zaidi ya linavyoonekana. Ukungu unaoota kwenye mahindi ndio unaotengeneza sumukuvu, na sumu hiyo haiishi kwa kusonga ugali wala haiondoki kwa kuchekecha. Mwaka 2004 watu 125 walikufa mashariki mwa Kenya kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo ya mahindi, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona wala ulimi kukitambua. Novemba 2019 shirika la viwango la Kenya, KEBS, lilisimamisha chapa tano za unga kwa sababu ya sumukuvu, na pakiti hizo zilikuwa zinauzwa madukani kama kawaida. Kwa hiyo unga unaonuka usimpe hata kuku. Urudishe, na ukishaurudisha toa taarifa, kama ilivyoelezwa chini.

Nyama yenye utelezi na harufu kali irudi, hata kama ni nyekundu. Rangi si ushahidi: mwaka huo huo wa 2019 Kenya ilitikiswa na habari za nyama ya supamaketi kutiwa kemikali ya kuhifadhi, sodiamu metabisulfaiti, ili ionekane freshi. Mkate wenye ukungu kabla ya tarehe yake nao urudi, na usikwangue ile sehemu ya kijani ukala iliyobaki, kwa kuwa nyuzi za ukungu huingia ndani mahali usipopaona. Kioo, waya au plastiki ngumu ndani ya chakula: acha kula, hifadhi kipande hicho pamoja na pakiti yake.

Na tarehe. Herufi EXP ndizo mwisho wa matumizi, BB ni siku ambayo ubora huanza kupungua. Pakiti ya biskuti iliyopita BB kwa wiki moja haitakudhuru. Yogati iliyopita EXP isiliwe. Ukikuta stika ya tarehe imebandikwa juu ya tarehe nyingine, hilo si kosa la bahati mbaya, na usiondoke dukani bila kumwita meneja.

Vinavyotegemea

Sheria za mauzo ya bidhaa za Kenya na Tanzania zina kipengele ambacho wateja wengi hawakijui: kama ulikagua bidhaa mwenyewe, kasoro ambayo ukaguzi ungeionyesha huwezi kuilalamikia baadaye. Nyanya ulizozichagua kwa mkono wako, moja moja, zikiwa zimepondeka ubavu, ni zako. Nyanya zilizofungwa kwenye trei, zilizooza chini mahali usipoweza kuona, ni za duka. Tofauti hiyo peke yake inatosha kuamua nusu ya kesi za mboga na matunda.

Parachichi ni kesi ngumu kwa sababu huliwa siku chache baada ya kununuliwa. Likiiva nje huku ndani likiwa na nyuzi nyeusi na mabaka ya kahawia, mara nyingi lilikaa kwenye baridi kali mno au lilichumwa changa. Moja halistahili safari. Matatu kati ya manne yakiwa hivyo, yapige picha yakiwa yamekatwa, nenda nayo. Tikiti jeupe lisilo na sukari utabadilishiwa kwa hisani ukilirudisha siku hiyo hiyo robo tatu yake ikiwa bado ipo. Ukirudi na maganda, usitarajie kitu.

Trei ya mayai 30 ifungue mbele ya keshia, gusa kila yai lizunguke kidogo. Lisilozunguka limepasuka chini na ute umelishika. Nyumbani, kabla ya kuyalaumu, jaribu mawili au matatu tu kwenye bakuli la maji: linalolala chini ni jipya, linalosimama wima limekaa muda, linaloelea ni la kale. Usiyatumbukize yote, kwa sababu yai lililoloweshwa hupoteza kinga ya ganda, na duka halitalipokea. Yai moja bovu kati ya 30 livumilie. Manne au matano, rudisha trei.

Bidhaa iliyopunguzwa bei kwa sababu tarehe inakaribia, ulikubali kuila upesi. Haimaanishi ulikubali kuila ikiwa imeoza. Ikiwa mbovu kabla ya tarehe yake, bado ina haki ya kurudi.

Kabla hujatoka nyumbani

Acha kutumia. Kila kijiko unachoongeza kinadhoofisha neno lako. Piga picha nne: bidhaa yenyewe ikionyesha kasoro, pakiti nzima mbele, tarehe, na namba ya toleo, ambayo huandikwa LOT, BATCH au B/NO karibu na tarehe. Kisha piga picha risiti. Risiti za supamaketi huchapwa kwa joto, na wino wake hufifia ukiiacha juani au ndani ya pochi kwa wiki kadhaa. Kama umeipoteza, ujumbe wa M-Pesa wenye namba ya muamala ya tarakimu na herufi 10 husaidia, na kadi ya pointi ya duka husaidia zaidi kwa kuwa kumbukumbu ya manunuzi imo kwenye mfumo wao.

Nenda ndani ya saa 24 kwa vitu vya kuharibika upesi. Usipoweza, pigia tawi simu au watumie picha siku hiyo hiyo, uliza jina la aliyekupokea, kisha funga nyama au samaki kwenye mifuko miwili na uigandishe hadi utakapokwenda. Ukikaa nayo kimya wiki nzima, hata sheria inaweza kukuhesabu kuwa umeikubali.

Pale kaunta

Mlangoni mwonyeshe mlinzi ulichobeba kabla hujapita. Mwambie unarudisha, akibandikie stika au akuandikie. Ukipita kimya na pakiti ya unga mkononi, ukitoka nayo baada ya kukataliwa utalazimika kueleza umeipata wapi.

Nenda kaunta ya huduma kwa wateja. Ukimlaumu keshia kwenye foleni unamwonea, hakupakia yeye wala hana mamlaka ya kurudisha pesa. Sema kwa ufupi na kwa mpangilio: lini, nini, kasoro gani, unataka nini.

“Habari ya kazi, dada. Haya maziwa nimeyanunua hapa jana saa kumi na moja jioni, risiti hii. Nimeyachemsha leo asubuhi yakakatika, na tarehe yake bado siku nne. Naomba mnirudishie pesa.”

“Pole mama, lakini ukishafungua hatupokei.”

“Nakuelewa, lakini nisingefungua nisingejua yameharibika. Naomba niongee na meneja wa zamu.”

Hapo usiongeze sauti wala hadithi. Meneja akifika, rudia maneno yale yale, na umwombe akague zilizobaki kwenye friji zenye namba hiyo ya toleo. Ombi hilo hubadilisha mazungumzo, kwa sababu sasa ni suala la duka lake zima.

Jua unachotaka kabla hujafika. Kubadilishiwa kunafaa pale ambapo kasoro ni ya pakiti moja. Kama toleo zima linatia shaka, kubadilishiwa ni kupewa ugonjwa ule ule katika pakiti mpya: chukua pesa. Duka likikupa vocha, soma tarehe ya mwisho wake na kama inatumika matawi yote. Kama ulilipa kwa kadi, pesa inaweza kuchukua siku kadhaa kurudi benki, kwa hiyo usiondoke bila karatasi ya marejesho kutoka kwenye mashine.

Wakikataa

Lile bango la “mali ikishauzwa hairudishwi” linamhusu aliyebadili mawazo. Halifuti wajibu wa kuuza chakula kinachofaa kuliwa. Kenya, ibara ya 46 ya Katiba inampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili na fidia pale kasoro inapomsababishia hasara au madhara, na Sheria ya Kulinda Walaji ya 2012 inamhesabu muuzaji kuwa ameahidi ubora huo hata asipoutamka. Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji chini ya Tume ya Ushindani, FCC.

Kwa chakula cha hatari usianzie kwa mwanasheria. Kenya, nenda kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti, na kwa alama ya ubora yenye mashaka tuma SMS ya SM# ikifuatiwa na namba ya kibali iliyo chini ya alama kwenda 20023, KEBS watakujibu kibali hicho ni cha nani. Tanzania, mwone afisa afya wa kata au manispaa, au ofisi ya TBS, shirika la viwango la Tanzania, ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula badala ya iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA. Kama tatizo ni uzito, sukari ya kilo moja isiyofika kilo, omba ipimwe tena kwenye mizani ya duka mbele yako. Wakigoma, Wakala wa Vipimo Tanzania au idara ya vipimo Kenya ndio wenye kazi hiyo.

Ukikusudia kupeleka taarifa, usikabidhi pakiti yote kaunta. Bakisha sehemu, ikiwa ndani ya pakiti yake yenye namba ya toleo na tarehe, uifunge na kuiweka mahali pakavu, au kwenye friza kama ni nyama au maziwa. Afisa akija kwako bila sampuli kuwepo, atakachoandika ni maelezo yako tu.