Kuazima vitabu kwa kugusisha kitambulisho cha mwanafunzi kwenye Koha: hatua kwa hatua

Mwongozo huu unawalenga wakutubi na mafundi wa TEHAMA vyuoni ambao Koha yao (programu ya kuendesha maktaba) tayari inafanya kazi na vitambulisho vya wanafunzi vina chipu. Kazi ngumu iko hatua ya 3. Usiiruke.

1. Itambue kadi. Chukua simu ya Android yenye NFC (uwezo wa kusoma chipu kwa kugusisha), weka programu ya NFC Tools, gusisha kadi. Ikisomeka, kadi inatumia masafa ya 13.56 MHz, na utaona namba ya chipu (UID) ya baiti 4 au 7. Simu ikikaa kimya, huenda kadi ni ya 125 kHz na inahitaji kisomaji cha aina nyingine. Au imetobolewa tundu la kamba: antena huzunguka ukingoni mwa kadi, tundu likiikata kadi imekufa. Wape wanafunzi vifuko vya plastiki.

2. Nunua kisomaji. Chagua cha USB kinachoandika kama kibodi, ambacho programu yake inakuruhusu kubadili muundo wa namba. Visomaji vya bei ya chini vyenye muundo mmoja usiobadilika viache dukani, hata kama bajeti ni finyu. Sababu ni hii inayofuata.

3. Hakikisha namba ni moja kila mahali. Kadi ileile inaweza kutoa namba tofauti kwa kila kifaa. Tuseme simu inaonyesha 9A:3C:51:0E. Kisomaji kimoja kitaandika 9A3C510E, kingine 2587644174, yaani baiti zilezile kwa desimali. Cha tatu kinasoma baiti kutoka nyuma (0E513C9A) na kuandika 0240204954. Zote ni sahihi, lakini Koha inalinganisha herufi kwa herufi, kwa hiyo mwanafunzi ataambiwa hayumo.

Fungua Notepad, gusisha kadi tano kwenye kila kisomaji, kisha linganisha na simu na pia na orodha ya ofisi ya vitambulisho. Orodha hiyo mara nyingi imetoka kwenye mfumo wa mageti, ambao una muundo wake. Mageti yanayopokea namba ya kadi kwa muundo wa Wiegand wa biti 26 hubakiza biti 24 tu za UID. Orodha ya hivyo haifai, kwa kuwa baiti zilizokatwa hazirudi na kadi mbili zinaweza kugongana. Ikibidi, sajili kadi upya kaunta, moja moja.

Mimi nachagua heksadesimali (tarakimu 0 hadi 9 na herufi A hadi F), herufi kubwa, bila nukta pacha, kwa mpangilio wa simu. Hapo kila mkutubi anaweza kukagua kadi kwa simu yake.

Bado kuna mitego mitatu:

- Excel. Itafuta sifuri ya mwanzo (0240204954 inakuwa 240204954) na kugeuza 12345E06 kuwa 1.23E+10. Weka safu iwe Text *kabla* ya kubandika, hata ukitumia LibreOffice.
- Kibodi ya Kifaransa, ambayo ni ya kawaida Burundi na Kongo. Kompyuta ikiwa kwenye AZERTY, 1 inatoka &, 2 inatoka é, A inatoka Q. Badili mpangilio wa kibodi kwenye kompyuta au kwenye kisomaji.
- UID ya baiti 4 inayoanza na 08 na kubadilika kila ukigusisha. Hiyo ni namba ya muda, simu nyingi huitoa. Usiisajili.

4. Ingiza namba kwenye Koha. UID inakaa kwenye sehemu ya `cardnumber`, namba ya usajili kwenye `userid`. Unapoingiza faili la CSV (orodha ya wanafunzi), linganisha kwa `userid` na uchague kuandika juu ya rekodi iliyopo. Ukilinganisha kwa `cardnumber`, ambayo ndiyo unaibadilisha, hakuna rekodi itakayopatikana.

5. Washa huduma ya mwanafunzi kujiazimia mwenyewe. Kwenye mipangilio ya Koha, `WebBasedSelfCheck` iwe Enable. Ukurasa ni `/cgi-bin/koha/sco/sco-main.pl`. Shusha `SelfCheckTimeout` kutoka sekunde 120 hadi 30, la sivyo anayefuata ataazima kwa jina la aliyetangulia.

Kwenye `SelfCheckoutByLogin`, yaani jinsi mwanafunzi anavyojitambulisha, napendelea jina na nywila. UID si siri: kadi tupu zinazopokea UID yoyote zinauzwa, na usimbaji wa MIFARE Classic, aina ya kadi za chipu, ulivunjwa hadharani mwaka 2008. Mwanafunzi anagusisha kadi badala ya kuandika jina, kisha anaandika nywila. Kwa hiyo kisomaji kimalizie kwa Tab. Kikimalizia kwa Enter, fomu inaondoka kabla nywila haijaandikwa. Uongozi ukitaka kadi peke yake, rudisha Enter na uwashe ujumbe wa kuazima, ili mwenye kadi ajue mapema.

6. Weka kisomaji mahali pake. Kisikae juu ya chuma. Weka ubao chini yake. Vibandiko vya chipu vya vitabu vya kiwango cha ISO 15693 navyo vinatumia 13.56 MHz, kwa hiyo zima usomaji wa 15693 kwenye kisomaji cha kadi na ukitenge na bamba la kusomea vitabu. Anza na sentimita 50. Bandika tangazo: "Toa kadi kwenye pochi." Kadi ya benki ikiwa humo, kisomaji kinaweza kuisoma hiyo kwanza.